Njoo Alhamisi

Mwezi uliopita Bi Zena alifariki, na kabla hata hajaoshwa walikuwa wameshanitumia mtu. "Idi anatakiwa msibani, na aje na upuuzi wake wote." Ndivyo nilivyoambiwa, mimi nikiwa barazani nyumbani nimefunika uso kwa daftari la kemia kama mtu anayesoma sana. Sikuliondoa daftari usoni. Ungeniona ungesema ni huzuni. Huzuni ilikuwepo, sikatai, lakini iliyofika kwanza ilikuwa hofu, na mimi na hofu hiyo tunafahamiana, kwa sababu mwaka wangu wa kidato cha pili tulikula sahani moja na kukaa dawati moja. Sasa niko kidato cha nne, nina miaka kumi na saba, mzee kabisa, kwa hiyo nimeruhusiwa kukumbuka. Mambo ya ukoo nayaruka, yangewalaza. Jueni tu kwamba sisi asili yetu Singida, akina Bi Zena asili yao Tabora, wote tulifuata biashara hapa Katesh, na watu wa kwetu na watu wa kwao ni watani. Msibani mtani ana kazi yake. Anavaa nguo za marehemu, anamwiga sauti na mwendo, anazuia jeneza lisitoke, anadai chai kama mwenye nyumba, mpaka waliokauka kwa kilio wacheke, na wakishacheka walie vizuri. Katika watani wote wa mji huu, aliyejaliwa ukosefu wa adabu kuliko wengine nilikuwa mimi. Watu wazima waliogopa kufa mbele yangu.

Mumewe, Mzee Rajabu, ndiye aliyetangulia, Januari ya mwaka ule. Alikuwa fundi cherehani kwenye chumba kimoja kirefu karibu na soko, chumba chenye harufu ya mafuta ya mashine na kitambaa kipya, na alikuwa na tabia mbili zilizojulikana hadi kwa watoto wa chekechea. Ya kwanza ni ya mafundi wote, ila yeye aliifikisha mbali. Uwe umeleta suruali, sare au gauni la harusi, ukiuliza iko tayari lini, jibu lilikuwa moja: "Njoo Alhamisi." Mimi niliipeleka kaptula yangu nikiwa darasa la sita, nikaivaa la saba, ikiwa imeshanibana. Tabia ya pili ilikuwa ya kwake peke yake. Ukimwamkia, hakukujibu kwanza. Aliweka kiganja cha kulia juu ya kifua upande wa kushoto, akafumba macho, akasikiliza, kama mtu aliyegonga mlango anangoja kuulizwa nani. Kisha ndipo: "Marahaba. Bado upo." Hatukujua alikuwa anamwambia nani, wewe au moyo wake.

Kwa hiyo siku ya msiba wake nilivaa lile koti lake la kahawia, mfukoni bado mna vumbi la chaki ya kuchorea nguo, nikachukua na kofia yake, nikatoka nje walipokaa wanaume chini ya turubai. Nilitembea mwendo wake. Sheikh akaniangalia, nikamnyooshea mkono, nikaurudisha, nikauweka kifuani, nikafumba macho kwa muda mrefu kabisa. "Marahaba," nikamwambia. "Bado upo." Walicheka mpaka mzee mmoja akaangusha kikombe. Nikasogea dirishani kwenye chumba cha wanawake: "Mke wangu, chai iko wapi? Nimekufa, lakini sikufa kwa njaa!" Nikasikia Bi Zena anacheka, na baadaye wakaniambia alikuwa hajafungua kinywa tangu alfajiri. Hiyo ilikuwa siku yangu bora kuliko zote. Jioni nilivua koti, nikalikunja, nikalirudisha.

Watu husema hofu ni kitu cha usiku. Yangu ilikuja saa nne asubuhi, jua linawaka, kama siku kumi baada ya maziko, niko shuleni kwenye foleni ya uji na kikombe cha plastiki mkononi. Moyo wangu uliruka pigo moja. Moja tu, kama mtu anayeshuka ngazi akakosa kidato. Mkono wangu wa kulia ukapanda wenyewe hadi kifuani. Nyuma yangu alikuwa Tluway, rafiki yangu wa dawati moja, mtoto wa wakulima wa Tlawi aliyepanga chumba hapa mjini kwa ajili ya shule. Akapiga kelele, "Oya, Mzee Rajabu! Bado upo?" Foleni nzima ikacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nasikiliza jibu.

Tangu hapo mkono ule haukuwa wangu tena. Ulipanda kwenye kipindi cha historia, ulipanda nikiwa natawadha, ulipanda katikati ya tonge la ugali na mlenda, ukanichafua shati. Nilihesabu mapigo kwa saa ya ukutani, na nikiyahesabu yaliongezeka, na yakiongezeka nilihesabu vizuri zaidi. Uwanjani nikaomba kuwa golikipa ili nisikimbie, kisha nikaacha na golini, maana kungoja mpira nako kunapiga moyo. Niliazima simu ya Tluway nikaiuliza ninaumwa nini. Ikanipa magonjwa kumi na moja na dalili zake, na dalili zote nilikuwa nazo, pamoja na za ugonjwa mmoja wa wajawazito. Mpaka leo nikikumbuka hilo nacheka, lakini siku ile niliisoma orodha hiyo mara tatu nimejifungia chooni. Na chini ya magonjwa yote kulikuwa na wazo moja ambalo sikumwambia mtu: nilivaa koti la maiti, nikauchezea moyo wake mbele ya watu, na sasa umenihamia. Mjini hawakunisaidia. Kila nikipita sokoni, "Mzee Rajabu huyo!" Nami nikawapa walichotaka, nikaweka mkono kifuani, wakacheka, nikapita. Mwaka ule nilitania kuliko mwaka wowote wa maisha yangu. Watu wakicheka hawasikii unavyohema.

Mama alinipeleka kwa daktari. Akanisikiliza kwa kifaa chake mbele na nyuma, akasema, "Moyo wa punda huu. Mzima kabisa." Nilitoka pale mwepesi, nikala chapati tatu. Asubuhi iliyofuata, mswaki uko mdomoni, nikawaza: je, kama kile kifaa alikiweka sehemu isiyofaa? Je, kama moyo wangu ulijifanya mzima kwa sababu alikuwa anausikiliza, kama sisi mwalimu wa zamu akipita dirishani? Nikarudi Machi kwa kisingizio cha kikohozi. Nikarudi Aprili. Safari hiyo aliweka kifaa chake mezani, akaniangalia kwa huruma, akasema, "Kijana, nikikupima leo, kesho utataka tena. Ninyi kipimo hakiwasaidii." Alikuwa anasema kweli, sasa najua, na nje kulikuwa na foleni ya akina mama na watoto wanaolia. Lakini mimi nilitoka na neno moja tu: ninyi. Ninyi akina nani? Wenzangu wako wapi? Wamekufa wote?

Likizo ya Juni Tluway akanichukua kwao Tlawi, eti hewa ya juu itanitengeneza. Kule asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni, na nyumba yao ilikuwa na chumba kimoja cha moto ambacho ng'ombe, mahindi na binadamu wote walikitamani. Tulikula makande kwa maziwa ya mgando, na kila tonge nililisindikiza chini kwa wasiwasi. Siku ya pili mchana nilikuwa nimejilaza chumba cha pembeni, mkono uko palepale, nikasikia baba na mama yake wanazungumza kwa Kiiraqw upande wa pili wa ukuta. Sikijui Kiiraqw zaidi ya salamu. Nilisikia "Idi", kisha maneno mengi ya chini, kisha "Idi" tena, kisha mama akaguna, kisha kimya. Kimya kile nilikijaza mwenyewe. Nikawasikia, kabisa kabisa, wakisema mtoto wa watu huyu ana rangi ya kufa, wakipanga nani apeleke taarifa Katesh, wakibishana kama Waislamu wanazikwa na sanda ya nani. Nilipotoka nje jasho lilikuwa linanimwagika kwenye ule ukungu. Nikamshika Tluway shati. "Wamesema nini? Niambie kweli." Akanishangaa. "Baba anasema unakula kidogo. Anasema ng'ombe angekula hivi tungeshamuuza. Mama anataka kukuchinjia kuku, baba anauliza nani wa kumchinja ili wewe uweze kumla." Akautoa mkono wangu kwenye shati. "Wewe ulidhani nini?" Nikamwambia nilidhani kuku ni wawili. Alicheka, ila alibaki ananitazama. Siku hiyo jioni walipanda wote kilimani kuangalia mahindi, mimi nikasema kifundo cha mguu kinauma, nikabaki na yule kuku.

Bi Zena alipomaliza eda alifungua duka na kukaa mwenyewe kwenye cherehani. Ilikuwa Julai, Jumatatu, nimetumwa na suruali ya shule iteremshwe pindo. Yeye alikuwa mwanamke mfupi, miwani kwenye ncha ya pua, futi ya fundi shingoni saa zote, hata akila. "Shikamoo, bibi." Alikuwa anauangalia mkono wangu kifuani.

"Utani wa msiba uliisha Januari, mume wangu. Mbona hujavua?"

"Koti nilirudisha, bibi."

"Sikuulizi koti."

Nikajaribu kutania, nikasema nautunza moyo usije ukatoroka na wasichana. Hakucheka, na yeye alikuwa mcheshi. Akasimamisha gurudumu la mashine kwa kiganja. "Unajua mwenzako alikufa na nini?"

"Moyo."

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu."

"Figo," akasema. "Moyo wake madaktari waliusifu mpaka siku ya mwisho. Kaka yake ndiye aliyeanguka kwa moyo, tukiwa tumeoana juzi tu. Kuanzia siku ile mume wangu akaanza kuusikiliza wa kwake. Miaka ishirini na sita, Idi. Harusi ya mwanetu kule Kondoa hakwenda, njia ndefu, moyo hautafika. Na huo mlima," akaelekeza sindano dirishani, Hanang ulikuwa umevaa wingu lake, "aliniahidi tutaupanda tukiwa bado tuna magoti. Hakufika hata pale mabomba ya maji yanapoanzia. Nguo za watu wote aliziahirisha. Hofu yake hakuiahirisha hata siku moja. Ikija tu, anaacha mashine, anaipokea."

Nilisimama pale na suruali yangu mkononi. Kumi na tano jumlisha ishirini na sita. Nilijiona nina miaka arobaini na moja, nina kitambi na watoto wasionijua vizuri, nimeweka mkono kifuani kwenye foleni nyingine ya uji. Miezi sita nilikuwa nimeogopa kufa. Hii ilikuwa mpya, na ilikuwa baridi kuliko ile.

"Sasa nifanye nini, bibi?" Naamini hilo lilikuwa swali langu la kwanza la kweli mwaka mzima.

"Leo siku gani?"

"Jumatatu."

"Wazo lako likija, liambie lije Alhamisi saa kumi, hapa dukani. Usibishane nalo na usilifukuze. Mteja ukimfukuza anakwenda kukupigia kelele barabarani. Mpe siku tu, wewe endelea kushona."

"Likikataa?"

"Litakataa. Wateja wote hukataa. Wewe shona huku linasema."

Nililiona jambo la kipuuzi, nami ni mtaalamu wa upuuzi. Lakini Jumanne kwenye hesabu wazo lilipokuja, nililiambia. Likakaa. Nikalirudia, kimoyomoyo, kwa ile sauti ya Mzee Rajabu ya puani. Likakaa bado, mdomo wazi, likipiga kelele, mimi nanakili maswali ubaoni na mwandiko unaoyumba. Nilinakili yote. Hiyo haikuwa imetokea tangu Januari.

Alhamisi saa kumi nilikalia kiti cha wateja. Bi Zena akafungua daftari la vipimo, lile la viuno na mabega ya mji mzima, akageuza ukurasa mpya, akalamba penseli. "Haya, limesema nini?" Nikamwambia kila kitu, mpaka habari ya koti. Aliandika kama anavyoandika urefu wa mkono, bila kuinua uso. Kila akiandika moja aliuliza, "Hili lina kazi ya kufanya?" Kama lina kazi, aliitaja: hunywi chai asubuhi ndiyo maana unatetemeka saa nne, kunywa chai. Simu ya mwenzako usiiulize ugonjwa tena, huo ni umbea. Kama halina kazi alilikata kwa mstari, akageuza macho kwenye mashine. Kisha alinizungushia futi kifuani. "Vuta." Nikavuta, futi ikakaza. "Toa. Polepole, mpaka ilegee. Bado. Bado. Mpaka niweze kupitisha vidole viwili." Ilipolegea niliona kwa macho yangu mwenyewe, inchi na nusu, na mabega yangu yalikuwa yameshuka bila kuambiwa. Mwisho akanipa nguo ya kufumua mshono, kazi ya mikono miwili. Ukiachia mmoja, uzi unakatika. Niliachia mara nyingi sana wiki zile. Hakunigombeza, alinipa tu nguo nyingine.

Nisiwadanganye kwamba nilipona. Agosti nilianguka kabisa. Nilikimbia kutoka kwenye paredi ya asubuhi nikiamini ndiyo basi, nikafika dukani kwake siku ya Jumatano nikilia kama mtoto. Alinitazama juu ya miwani. "Leo Jumatano," akasema, "lakini ingia," akanipa mandazi na suruali ya askari ya kufumua. Kilichonisaidia mwishowe, naona aibu kusema, ni kuchoka. Kufika wiki ya tano au ya sita akaanza kunisomea ya wiki zilizopita: moyo utasimama, daktari alikosea, koti. Moyo utasimama, daktari alikosea, koti. Hofu yangu haikuwa na ubunifu wowote. Ingekuwa mchekeshaji, wangemshusha jukwaani. Ilibaki inatisha, lakini ilikuwa inatisha kwa maneno yaleyale. Mtihani wa Novemba ulipofika, moyo ulianza kupiga mbio wakati msimamizi anagawa karatasi, nikauambia njoo Alhamisi, halafu nikakumbuka kwamba siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Nikaogopa upya. Kisha nikauambia: saa kumi. Sasa hivi ni saa mbili.

Desemba, mimi na Tluway tukaupanda mlima. Hatukufika kileleni, tusije tukajisifu. Tulipita pale mabomba yanapoanzia, tukaingia msituni, na mteremko ukawa mkali mpaka ikabidi kushika mizizi kwa mikono miwili. Moyo ulinipiga masikioni, shingoni, hata kwenye meno. Nilitaka kuugusa, jamani, nilitaka kuliko maji. Lakini ningeachia mzizi. "Upo?" Tluway akauliza toka juu, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatania. "Nipo," nikasema. Nilimletea Bi Zena yale majani ya kijivu yanayoning'inia kwenye miti kama ndevu. Akayafunga kwa uzi kwenye shingo ya mashine yake, akaendelea kushona.

Yalikuwa bado yamefungwa pale nilipofika msibani mwezi uliopita, mashine ikiwa imehamishiwa nyumbani kwake. Binti yake wa Kondoa alinitolea miwani, futi na lile daftari. Niliviangalia kama mtu aliyeonyeshwa nyoka. Mara ya mwisho nilipovaa cha marehemu, nililipa mwaka mzima. "Kama huwezi, acha," binti akasema. "Ila mama alisema iwe wewe." Nikavaa. Nikaomba cherehani itolewe, nikaiweka mlangoni kabisa, nikaikalia, nimeziba njia. Wanaume wakaja na Sheikh mbele yao kulichukua jeneza.

"Kijana, tupishe. Muda unakwenda."

Niliwatazama juu ya miwani, mmoja mmoja. "Mnataka nini?"

"Tumekuja kumchukua Bi Zena."

Nikafungua daftari. Nilitaka ukurasa wowote, ukafunguka wa kwangu, mwandiko wake, moyo utasimama, mstari. Nikauhisi mkono wa kulia unaanza kupanda, baada ya miaka miwili, taratibu kama mtu anayerudi kwao. Ulikuta futi. Nikaishika ncha zote mbili, nikaizungusha kifuani mbele ya wale wazee wote, nikatoa pumzi mpaka ikalegea vidole viwili.

"Hajawa tayari," nikasema kwa sauti yake. "Njooni Alhamisi."

Kisha ndani kwenye chumba cha wanawake binti yake akaangua kicheko, kikakatika katikati kikawa kilio, na wengine wakamfuata, na nje pia, Sheikh kajiziba mdomo kwa mkono wa kanzu. Mzee mmoja akafuta macho akanipigia kelele, "Wewe mtani! Leo Jumatano! Alhamisi si ni kesho?"

"Sikusema Alhamisi ipi," nikamjibu.

Waliponyamaza niliondoa cherehani mlangoni, nikavua miwani. Mmoja wa wabebaji alikuwa mzee sana, nikamwomba nafasi yake. Nililishika jeneza kwa mikono miwili.